Maji ya Nyuzi 7 kwa Kila Kazi: Kosa Kubwa la Kupoza Kiwanda cha Magari

Ncha ya elektrodi inayochomelea bodi ya gari ni kitu kidogo sana. Ni kofia ya shaba iliyochanganywa na kromi kidogo na zirkoni, upana wake haufiki sentimita mbili. Ndani yake kuna tundu, na ndani ya tundu hilo kunaingia kijibomba chembamba kinacholeta maji. Mabati mawili yakishabanwa kati ya ncha mbili za namna hii, kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200 na zaidi, hupitishwa umeme wa karibu ampea 10,000 kwa muda usiofika nusu sekunde. Feleji inayeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 1,500, milimita chache tu kutoka kwenye shaba ambayo yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Halafu roboti inahama, inabana tena, inachoma tena. Bodi moja ya gari la abiria hubeba nukta za namna hii takriban 4,000 hadi 5,000.

Kinachoiokoa shaba ni yale maji. Kile kijibomba cha ndani lazima kifike karibu kabisa na kisogo cha ncha, maji yagonge pale penye moto, kisha yarudi kwa pembeni. Fundi akikikata kifupi wakati wa matengenezo, au akiunganisha mipira ya maji kinyume, ya kuingilia ikawa ya kutokea, maji bado yatapita. Mita itaonyesha lita zile zile nne kwa dakika na hakuna king'ora kitakacholia. Ila nyuma ya ncha kutabaki mfuko wa hewa na mvuke. Shaba inalainika, uso wake unatanuka kama uyoga, umeme unasambaa kwenye eneo pana kuliko lililokusudiwa, na nukta inayopatikana inaonekana nzima kwa nje ilhali ndani mabati hayajashikana. Hakuna mtambo wa kupozea, uwe mkubwa namna gani, unaoweza kusahihisha kijibomba kilichokatwa vibaya.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Uchomeleaji wa nukta ni kazi inayotaka maji yafike mahali pake, kwa wingi unaotakiwa, na yasizidi takriban nyuzi 30 yanapoingia. Hautaki maji ya baridi kali. Maji yakiwa baridi kupita kiasi, hewa ya ukumbini hutua umande juu ya transfoma na vifaa vya umeme, na umande juu ya vifaa hivyo ni balaa. Hata hivyo si ajabu kukuta roboti hizo zimefungwa kwenye bomba lile lile linalolisha viyoyozi vya ofisi na vibanda vya rangi, maji ya nyuzi 6 au 7, yakitoka kwenye chila, yaani mtambo wa kupoza maji, moja kubwa iliyo nyuma ya jengo. Hilo ndilo ninalolipinga. Kiwanda cha magari kina mahitaji mengi ya kupoza yasiyofanana hata kidogo, nacho huyajibu kwa maji ya aina moja, yaliyo ghali kuliko yote. Pembeni yake kinachoma gesi kutengeneza joto ambalo chila hiyo hiyo inalitupa juu angani.

Chila haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Gesi yake inachukua joto kutoka kwenye maji ya kiwanda, kompresa inaibana gesi hiyo mpaka inapata joto kuliko hewa ya nje, kisha joto lile linaachwa huko nje, kwenye feni au kwenye mnara wa kupozea, ambako maji hupoa kwa kuvukizwa hewani. Kazi ya kompresa ni kama ya mtu anayeteka maji kisimani: kiasi cha maji kina uzito wake, lakini kina cha kisima ndicho kinachochosha mikono. Maji ya nyuzi 7 ni kisima kirefu. Kila nyuzi moja unayoyapandisha maji hayo inaokoa takriban asilimia 2 hadi 3 ya umeme wa kompresa. Ukitoka nyuzi 7 ukaenda 18, umepunguza karibu robo ya umeme huo kabla hujabadilisha mashine yoyote. Na kama hali ya hewa ya nje ni ya wastani au ya baridi, maji ya nyuzi 18 unaweza kuyapata kwa mnara peke yake sehemu kubwa ya mwaka, kompresa imezimwa. Ya nyuzi 7 huyapati hivyo mpaka nje kuwe na baridi ya kuuma.

Sasa twende kwenye rangi, maana huko ndiko pesa zinakoliwa. Katika kiwanda cha kuunganisha magari, karakana ya rangi peke yake kwa kawaida hutumia nusu ya nishati yote au zaidi. Inaanza na dimbwi. Bodi nzima inazamishwa kwenye rangi iliyochanganywa na maji, umeme wa volti 200 na zaidi unapitishwa, na rangi inajishikiza kwenye kila kona ya bati, hata ndani ya mashimo ambayo hakuna brashi ingefika. Ford ndiyo iliyoifanya njia hii kuwa kazi ya kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo ndiyo ngao kuu ya gari dhidi ya kutu. Tabaka lenyewe lina unene wa takriban mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Lakini umeme ule ule unaobandika rangi unalipasha dimbwi joto, na pampu zinazoizungusha rangi usiku na mchana nazo zinaongeza joto lake. Dimbwi linatakiwa likae karibu nyuzi 30 hadi 35. Likipanda, tabaka linakuwa nene na lenye vishimo, na rangi yenyewe inaanza kuharibika ndani ya dimbwi. Ndiyo maana pampu hizo huwekewa jenereta ya dharura. Umeme ukikatika na rangi ikatuama, chembe zake zinazama chini, na unaweza kupoteza dimbwi zima.

Angalia tena namba hizo. Kitu kinachotakiwa kukaa nyuzi 30 na ushei kinapozwa na maji ya nyuzi 7. Kwa kifaa cha kubadilishana joto kilichopimwa vizuri, maji ya nyuzi 20 yangetosha. Anayetumia ya 7 amelipia kina cha kisima ambacho hakukihitaji, kisha anaibana valvu ili baridi isizidi.

Kibanda cha kupulizia rangi ndicho chenye haki ya kudai maji baridi kweli. Rangi ya maji inataka hewa ya takriban nyuzi 23 na unyevu wa karibu asilimia 65, na hautakiwi kuyumba. Hewa ikiwa kavu mno, matone yanakauka kabla ya kutandazika, na uso wa gari unakuwa na vibonde kama ganda la chungwa. Ikiwa na unyevu mwingi, rangi inateleza na kuchirizika. Hewa inayopita kwenye kibanda ni nyingi mno kwa sababu lazima iondoe ukungu wa rangi. Nje kukiwa na fukuto, hewa hiyo inapozwa hadi karibu nyuzi 16 ili maji yaliyomo yakamuliwe yatoke, kwa kuwa hapo ndipo hewa ya 23 yenye unyevu wa asilimia 65 inapoanza kutua umande. Baada ya hapo inabidi ipashwe tena, kutoka 16 hadi 23, ndipo iingie kibandani.

Hapa ndipo ninapoona uchungu wa kweli. Hatua ile ya kuipasha hewa mara nyingi hufanywa kwa maji moto kutoka kwenye boila ya gesi. Wakati huo huo, chila iliyoipoza hewa hiyo hiyo inatoa maji ya takriban nyuzi 35, yanayopelekwa kwenye mnara yakapeperushwe. Joto lililotolewa kwenye hewa linamwagwa, kisha linanunuliwa jingine kuirudishia hewa ile ile. Maji ya 35 yanatosha kabisa kuipandisha hewa hadi 23. Kinachohitajika ni koili ya pili, bomba na pampu. Na hata yale madimbwi ya kuosha bodi kabla ya rangi, ambayo hutaka takriban nyuzi 50, yanafikika kwa pampu ya joto, mashine inayohamisha joto kama chila ila kwa ajili ya kupasha, inayoanzia kwenye maji hayo ya 35 badala ya kuanzia kwenye hewa ya nje.

Mnara nao una gharama yake isiyotajwa sana. Kila megawati moja ya joto inayotupwa kwa saa moja huvukiza takriban lita 1,500 za maji, na juu ya hizo kuna maji ya kumwaga ili chumvi isirundikane. Kiwanda kinachopeleka joto mahali linapohitajika kinaokoa gesi, umeme na maji kwa mkupuo mmoja.

Watu husahau kwamba mashine za kupoza hewa hazikubuniwa kwa ajili ya starehe ya binadamu. Mwaka 1902 Willis Carrier alisanifu mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kwa sababu karatasi ilivimba na kusinyaa kwa unyevu na rangi zikawa hazikai mahali pake. Tangu siku ya kwanza baridi ilikuwa chombo cha ubora. Katika viwanda vya magari imeshuka cheo ikawa huduma ya nyuma ya jengo, kama taa na maji taka.

Hakuna mahali ambapo cheo chake cha asili, cha kuwa chombo cha ubora, kinaonekana kama kwenye mashine ya kufinyanga feleji ya moto. Nguzo ya mlango, ile inayosimama kati ya abiria wa mbele na wa nyuma, leo hutengenezwa kwa bati lenye boroni kidogo. Bati hupashwa hadi takriban nyuzi 900, hutolewa tanurini likiwa jekundu, hubanwa ndani ya kalibu ya chuma yenye mifereji ya maji, na hushikiliwa humo humo mpaka lipoe. Likipoa kwa kasi ya takriban nyuzi 27 kwa sekunde au zaidi, muundo wake wa ndani hugeuka kuwa martensiti, muundo mgumu kabisa wa feleji, na nguvu yake hupanda kutoka karibu megapaskali 600 (kipimo cha mvuto inaoweza kuhimili) hadi 1,500. Njia hii ilitokea Sweden, na Saab 9000 ya mwaka 1984 ndiyo gari la kwanza kubeba vipande vyake, ndani ya milango. Kalibu kwenye mashine hiyo haitoi umbo peke yake. Inafanya kazi ya mhunzi anayechovya kisu majini.

Basi fikiria mfereji mmoja katika kalibu hiyo umejaa magamba ya chokaa na kutu. Kipande kinachotoka kina umbo lile lile, rangi ile ile, uzito ule ule. Ila sehemu ya upana wa kiganja imepoa polepole, na pale pamebaki laini. Macho hayaoni. Pataonekana siku gari jingine litakapoingia ubavuni. Kwa kazi hii siwezi kukubali kwamba usafi wa maji na mtiririko wa kila mfereji ni suala la fundi bomba peke yake. Ni suala la uhai wa abiria, na linastahili kipimo cha joto kwenye kila tawi, kinachoandikwa na kusomwa na watu wa ubora.

Kwenye plastiki, hadithi ni ya tamaa ya haraka. Katika kufyatua bampa au dashibodi, zaidi ya nusu ya muda wa kila mzunguko huishia kwenye kusubiri kipande kipoe. Msimamizi anayebanwa na idadi hushawishika kuteremsha joto la maji ili kalibu ifunguke mapema. Anapata sekunde kadhaa. Bampa linatoka likiwa na mkazo uliofungiwa ndani kama misuli iliyokakamaa, linapita ukaguzi, kisha likiingia kwenye tanuri ya rangi linajilegeza na kupinda. Kalibu baridi mno nayo hutoa jasho, na kila tone linaacha alama usoni. Kinachohitajika ni mifereji inayofuata umbo la kipande na maji yanayopita kwa kasi ya kuvurugika, maana maji yanayoteleza taratibu hubeba joto kidogo hata yawe baridi vipi.

Alumini ya kumimina ni kinyume kabisa: huko baridi ni adui. Kilo moja ya alumini inapoganda hutoa karibu kilojuli 400 kabla haijaanza hata kushuka joto, na mashine kubwa za siku hizi, kama zile za kubana kwa nguvu ya tani 6,000 ambazo Tesla ilianza kuzitumia kwa gari lake la Model Y, humimina sehemu nzima ya nyuma ya gari kwa mpigo mmoja. Joto hilo lazima liondoke. Lakini kalibu yenyewe inatakiwa ibaki na joto la nyuzi mia na kitu hadi mia mbili na ushei, la sivyo inapasuka nyufa nyembamba kwa kushtuliwa kila mara. Maji ya nyuzi 7 yakiingia humo moja kwa moja ni kuiua kalibu. Leza za kuchomelea zina chila zao ndogo na maji yaliyoondolewa chumvi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya umeme unaoziingia hugeuka joto. Hizo sina ugomvi nazo.

Chumba cha vipimo nacho kina sheria yake. Tangu 1931 dunia imekubaliana kwamba urefu wa kitu ni urefu wake kwenye nyuzi 20. Alumini hutanuka mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, hivyo tundu la silinda lenye kipenyo cha milimita 80 likipimwa lingali na joto la nyuzi 30 litasoma mikroni 18 zaidi, na katika kazi ya injini hizo ni nyingi. Injini imetoka kwenye mashine ikiwa nzuri, kipimo kinasema mbovu, au kinyume chake, kwa sababu tu hakuna aliyeisubiri ipoe.

Na betri? Gari la umeme limeondoa injini, halikuondoa chila. Limeiongezea mzigo. Chumba cha kutengenezea seli za lithiamu kinatakiwa kiwe kikavu kiasi kwamba umande usingetokea mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu chumvi iliyo ndani ya elektroliti, kile kimiminika cha ndani ya seli, ikikutana na maji huzaa asidi ya hidrofloriki. Wafanyakazi wenyewe, kwa pumzi na jasho lao, ndio chanzo kikubwa cha unyevu chumbani. Hewa hupozwa kwanza, maji mengi yakatoka, kisha hupita kwenye gurudumu lenye jeli ya silika linalonyonya kilichobaki, na gurudumu hilo hukaushwa kwa hewa ya moto inayozidi nyuzi 100. Baridi na moto katika mashine moja, saa zote 24. Anayejenga kiwanda cha betri leo bila kuunganisha pande hizo mbili amejifunga na bili atakayoilipa miaka 20.

Najua jibu la wahandisi wa majengo, na si jibu la kipuuzi. Wanasema bomba moja ni rahisi: chila yoyote inaweza kusaidia nyingine, vipuri ni vya aina moja, na mashine mpya ikija unaichomeka popote. Mabomba mawili, la nyuzi 7 na la nyuzi 18 au 20, yanaongeza gharama ya ujenzi na kuhitaji nafasi. Yote ni kweli. Lakini uhakika wa kusaidiana haupotei ukiwa na valvu ya kuunganisha mifumo miwili kwa dharura. Njia wanayopendelea, ya kuchanganya maji ya 7 na yanayorudi ili kupata 20, haiokoi umeme wowote wa kompresa, kwa kuwa gharama ya kuyafikisha 7 imeshalipwa. Ni sawa na fundi anayekata ubao mfupi kisha anauunga.

Kikwazo kikubwa zaidi ninakiona kwenye vitabu vya hesabu. Gharama ya bomba la pili inaandikwa kwa mradi wa ujenzi. Bili ya umeme inakwenda kwa huduma za kiwanda. Gesi ya boila inahesabiwa kwa karakana ya rangi, na vipande vilivyokataliwa ni mzigo wa idara ya ubora. Kila meneja anabana sehemu yake, na yeyote anayetaka kuunganisha chila na kibanda cha rangi anaombwa atumie bajeti yake kupunguza bili ya mwenzake.

Kuna jambo jingine linalosukuma uamuzi kwa sasa, nalo ni gesi zenyewe zinazozunguka ndani ya chila. Makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016 na kuanza kutumika 2019 yanapunguza hatua kwa hatua gesi za jamii ya R-134a na R-410A, ambazo kilo moja yake hupasha dunia mara 1,430 na mara 2,088 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Chila nyingi za zamani zitabadilishwa kwa lazima. Kiwanda kitakachong'oa chila na kuweka nyingine ya ukubwa ule ule kwa nyuzi zile zile kitakuwa kimepoteza nafasi isiyorudi mapema, kwa sababu mashine hizi hukaa miaka 20 na zaidi.

Kabla ya kuagiza mpya, ningeanza na karatasi moja. Kwa kila tawi la bomba, iandikwe kazi inayohudumiwa, joto la juu kabisa la maji linaloweza kuvumilika, na joto ambalo maji yanarudi nalo. Maji yaliyosanifiwa kwenda na 7 na kurudi na 12, yakirudi na 9, yanabeba chini ya nusu ya joto lililokusudiwa, na sehemu kubwa ya umeme wa pampu inalipiwa bure. Kuhusu joto la juu, aulizwe mwenye mashine mwenyewe. Mara nyingi atataja 20, au 25, na ukimuuliza nani aliyeagiza 7 atakwambia aliyakuta hivyo.

Mahali pa kuanzia panajulikana hata bila karatasi. Tembea juu ya mstari wa kuchomelea wakati wa fukuto, utafute penye sponji ya bomba iliyochanika. Bomba la nyuzi 7 hapo linatoka jasho, na jasho linadondokea mabati ambayo bado hayajapakwa rangi. Chini yake mtu ameshatega ndoo.